JASHO NA UTULIVU WA AKILI



Leo twasema juu ya jambo ambalo wengi wetu huona haya kulitaja: ugonjwa wa mawazo unaompata mtu akifungiwa mahali pamoja.

Mnakumbuka mwaka 2020. Tarehe 27 Machi kafyu ilianza, saa moja jioni hata saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili mipaka ya Nairobi ikafungwa. Athi River ikawa ndani, mji wa Machakos ukabaki nje. Treni za abiria za kwenda Mombasa zikasimama mpaka tarehe 13 Julai. Sisi tuliozoea kuinua mataruma na kuikagua njia kwa miguu tukakaa chumbani kutwa, twatazama dari. Usingizi ukatupotea, ugomvi ukaingia nyumbani, wengine wakashika chupa. Hatukuwa peke yetu. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika mwaka wa kwanza wa korona, maradhi ya wasiwasi na ya huzuni yaliongezeka duniani kwa asilimia 25.

Sehemu ya dawa yake ni jasho. Mwili ukifanya kazi, misuli iliyokazwa na hofu hulegea, usingizi huja kwa wakati wake, na siku hupata mpango. Mzee Nelson Mandela, alipokuwa kifungoni Robben Island, alikuwa akikimbia papo hapo chumbani hata dakika 45, na mwenyewe alisimulia kwamba mazoezi yalimpunguzia wasiwasi.

Basi, ndugu, chumba kidogo chatosha. Chagueni saa moja isiyobadilika. Kimbieni papo hapo, chuchumaeni na kuinuka, sukumeni ukuta, watoto wawahesabie. Mwenye umri mkubwa na aende kwa kiasi chake. Mtu mzima yampasa kupata angalau dakika 150 kila juma, yaani dakika 30 kwa siku tano. Na huzuni ikizidi majuma mawili, nendeni hospitali; mazoezi hayachukui mahali pa daktari.

Lakini jambo hili si la mtu mmoja mmoja tu. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015, ziitwazo Kanuni za Mandela, zasema mfungwa asiyefanya kazi nje apewe angalau saa moja kila siku ya mazoezi kwenye hewa ya wazi, hali ya hewa ikiruhusu. Ikiwa mfungwa ana haki hiyo, mfanya kazi aliyewekwa karantini, asiye na kosa lo lote, atapewaje kitanda na sahani ya ugali tu?

Yafaa iandikwe katika mapatano yetu na waajiri: mfanya kazi akitengwa kwa sababu ya kazi, apate saa moja ya kutembea nje, mbali na wengine. Tusingoje ugonjwa mwingine ufike ndipo tuanze kuomba. Lileteni neno hili kwenye mkutano wa tawi, tulijadili, tulipigie kura.