Farao na Wahiti: Picha za Vita Zisemavyo na Zisivyosema



Wahenga walisema, "Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake." Yafaa mtu akumbuke maneno hayo asimamapo mbele ya picha za vita za wafalme wa kale, na hasa picha za vita vya Kadesh.

Kadesh ulikuwa mji wenye boma katika nchi ya Shamu, kando ya mto Orontes. Mwaka wa 1274 kabla ya kuzaliwa Kristo, Ramses wa Pili, Farao wa Misri, aliuendea mji huo na majeshi manne, kila moja likiitwa kwa jina la mungu wa Misri. Adui yake alikuwa Muwatalli, mfalme wa Wahiti, aliyetoka nchi ambayo leo ni Uturuki.

Njiani watu wawili wa jangwani walimwambia Farao kwamba Wahiti wangali mbali, huko Aleppo. Akawaamini, akatangulia upesi na jeshi moja tu, akapiga kambi karibu na mji. Kumbe wawili hao walitumwa na Muwatalli. Baadaye wapelelezi wawili wa Kihiti walikamatwa, na walipopigwa walikiri kwamba jeshi lao lote limejificha nyuma ya Kadesh. Muda si muda magari ya vita ya Wahiti, yakivutwa na farasi, yalilipasua jeshi la pili la Misri lililokuwa bado safarini, yakafika mpaka kambini. Farao akapigana, na kikosi kingine cha askari wake kilipowasili, Wahiti wakarudishwa nyuma mpaka mtoni.

Aliporudi kwake, Farao aliagiza habari hiyo ichongwe katika kuta za mahekalu ya Karnak, Luxor, Abydos na Abu Simbel. Humo yeye ni mkubwa kama jitu, amesimama katika gari lake, na adui wanaanguka mbele yake. Katika picha moja mfalme wa Aleppo ameshikwa na askari wake kichwa chini, miguu juu, ili maji ya mto aliyokunywa yamtoke. Maandishi yasema kwamba askari wote walimkimbia Farao, naye peke yake, kwa msaada wa mungu Amun, akawashinda maelfu. Ndivyo hadithi ya shujaa ilivyozaliwa.

Kazi ya mafundi hao ni nzuri ajabu. Lakini liko jambo moja ambalo picha hizo hazikulionyesha: mji wa Kadesh haukutekwa. Kwa zaidi ya miaka 3,000 sauti ya Farao ilisikika peke yake. Ndipo mwaka wa 1906 wachimbaji walipoanza kufukua vibao vya udongo katika magofu ya Hattusa, mji mkuu wa Wahiti. Katika vibao hivyo mshindi ni Muwatalli!

Mwaka wa 1259 kabla ya Kristo, Ramses alifanya mkataba wa amani na Hattusili, ndugu yake Muwatalli. Waliahidiana kutoshambuliana, kusaidiana juu ya adui, na kurudishiana wakimbizi bila kuwadhuru. Maneno yake yalionekana ukutani huko Karnak, na katika vibao vya Hattusa pia. Baadaye binti wa Hattusili aliolewa na Farao. Mwaka wa 1970 serikali ya Uturuki iliupa Umoja wa Mataifa, huko New York, mfano wa kibao hicho uliofanywa kwa shaba.

Basi mtu aonapo picha ya mfalme shujaa, na ausifu mkono wa fundi, kisha aulize ni nani aliyemwajiri, na upande wa pili wasemaje. Askari wengi walikufa kando ya mto ule, wa Misri na wa Wahiti, kwa mji ambao Farao hakuupata. Kilichowafaa watoto wao si ile picha ya jitu katika gari, bali ni mkataba ule ambao pande zote mbili ziliukubali na kuuandika.