Feza Ikipotea Ndani ya Simu, Nani Anajibu?

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana, komini ya Makiso, Kisangani

 

Leo hatutaongea juu ya barabara wala juu ya umeme, hata kama umeme ulikatika tena. Tutaongea juu ya feza ambayo inatoka mifukoni mwetu na hakuna mtu anaiona ikitoka: ile tunanunua nayo kripto kwa simu, zaidi USDT. Wengi kati yetu wameibiwa, na karibu wote wananyamaza juu ya haya. Ukiibiwa mfuko sokoni unapiga kelele, watu wanakimbia nyuma ya mwizi. Ukiibiwa dola 80 ndani ya simu unaizima na unalala. Mwizi anaishi kwa ule ukimya wetu.

Kuna wazee wanasema: "Ni nyinyi wenyewe, mulitaka utajiri wa haraka." Wazee wetu, tunawaheshimu, lakini hapana. Mwangalie nani ananunua. Dada mwenye kuagiza nguo Guangzhou ama Dubai: muuzaji wa kule anaomba alipwe kwa USDT, juu kutuma kwa benki kunakula siku na ushuru mwingi. Kijana mwenye kufanya tafsiri ama michoro kwa mteja wa nje: hana karata ya benki ya kupokelea malipo. Na kuna franga yetu. Mwanzo wa 2023 dola moja ilikuwa karibu franga 2,000. Mwisho wa mwaka huo ilipita 2,600. Mtu ambaye aliweka franga ndani ya sanduku alipoteza bila mwizi kuingia nyumbani. USDT inafuata bei ya dola, ndiyo maana watu wanaikimbilia. Na wengi wetu tuko na diploma ya UNIKIS kwenye ukuta na hakuna kazi. Kuna wenzetu ambao kuuzisha USDT ndiyo kazi yao moja tu. Basi tusitukanane. Tuulize swali lenyewe: feza ikipotea, nani anajibu?

Mukumbuke vile tunabadilisha dola kwa kambisti. Ana meza, ana mwavuli, kila siku iko pale pale. Anahesabu mbele yako, nawe unahesabu tena mbele yake. Noti ikiwa na kapasuko kadogo, anairudisha. Ukifika nyumbani ukaona franga zinakosa, unarudi, na majirani zake wanamjua jina. Haandiki mkataba wowote, lakini anajua kesho utampata pale pale. Kwa kambisti tunahesabu mara mbili, kwa simu hatuhesabu hata mara moja. Tunamtumia feza mtu tuliyemjua kwa picha na kwa maneno "muaminifu 100%".

Sasa tuelewe vile kununua kunafanyika, juu mwizi anapita pale hatuelewi. Kwenye majukwaa makubwa kuna soko la mtu kwa mtu. Muuzaji anaweka USDT zake, jukwaa linazifunga. Wewe unamlipa kwa M-Pesa, Airtel Money ama Orange Money. Akiona feza imeingia kwake, anafungua, USDT zinakuja kwako. Kama kuna ugomvi, jukwaa linaangalia vithibitisho vya pande mbili na linaamua. Ule ufungaji ndio ulinzi wako. Kwa hiyo mwizi kazi yake ya kwanza ni kukutoa nje ya jukwaa: "Ndugu, tumalizie kwa WhatsApp, nitakupa bei nzuri." Ukitoka tu, hakuna kilichofungwa na hakuna mwamuzi.

Njia ya pili ni kumwibia anayeuza. Anatumiwa picha ya mesaji ya malipo, ama mesaji ya uongo yenye jina la kampuni ya simu, na anafungua USDT bila kuangalia salio lake. Picha ya malipo si malipo.

Njia ya tatu inaonekana ni kosa tu, lakini feza inapotea vilevile. USDT inapita kwa mitandao mingi. Anwani ya mtandao wa Tron inaanza na T, ile ya Ethereum inaanza na 0x. Ukichagua mtandao ambao mpokeaji hatumii, unaweza kuipoteza, na hakuna mtu wa kupigia aseme "nirudishie". Kila malipo yanaandikwa ndani ya daftari la wazi ambalo kila mtu anaweza kusoma na hakuna anayeweza kufuta.

Lakini njia ambayo inatuumiza zaidi ni ya nne, na ndiyo sababu ya mkutano wa leo. Dada mmoja wa kwetu alikuwa na dola 120 kwenye jukwaa ambalo hatutalitaja. Siku moja konti ikafungwa, wakamwomba pasipoti. Pasipoti gani, kwa kijana asiye na kazi? Alituma karata ya mchaguzi, ndiyo kitambulisho wengi wetu tuko nacho. Jibu likatoka kwa mashine, kwa Kiingereza: hati haikubaliki. Aliandika tena, jibu lilelile. Wiki tatu zikapita bila kuongea na mtu mwenye jina. Mwishoni akaandika malalamiko yake Facebook, mbele ya watu wote. Dakika chache baadaye akapata mesaji kwa Kifaransa kizuri, yenye alama ya lile jukwaa: "Pole sana madamu, sisi ni huduma ya wateja, tutakusaidia." Wakamwomba dola 30 za kufungulia konti. Halafu 50 za uthibitisho. Halafu wakanyamaza.

Tuangalie vizuri kitu gani kilifanyika hapa. Yule mwizi alifanya kazi ambayo jukwaa lilikataa kufanya. Alijibu haraka, kwa lugha ambayo dada anaelewa, na alisema pole. Wandugu, pale ambapo hakuna wa kujibu, mwizi ndiye anajibu wa kwanza. Huduma mbaya kwa wateja si shida ndogo ya subira. Ndiyo inamfungulia mwizi mlango.

Kuna watu watasema: basi tununue tu kwa wenye buro na jina kubwa. Meza peke yake haitoshi. Wazazi wetu wanakumbuka Bindo Promotion kule Kinshasa: watu waliweka feza wakiahidiwa faida kubwa, na 1991 yote ikaanguka. Jirani zetu wa Uganda walikuwa na Dunamiscoins. Ilikuwa na buro Kampala, ikafungwa mwisho wa 2019, na maelfu ya watu wakabaki mlangoni. Na si Afrika tu. FTX ilikuwa kati ya majukwaa makubwa ya dunia. Novemba 2022 ikaanguka, juu feza za wateja zilikuwa zimetumiwa kwa mambo mengine. Mkubwa wake, Sam Bankman-Fried, alihukumiwa miaka 25 ya gereza Machi 2024. Lakini muone tofauti: kule Marekani kulikuwa na mwendesha mashtaka, na korti, na orodha ya wanaodai. Nani ameshika orodha yetu hapa Kisangani?

Ndiyo maana tunasema uaminifu unataka vitu viwili pamoja: mtu mwenye jina ambaye unaweza kurudi kwake, na jicho la leta juu yake. Kimoja kikikosa, tunabaki kuomba Mungu.

Na leta isituambie kwamba haina chombo. Iko na Kodi ya Dijitali, ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, yenye kuongea juu ya huduma za mtandaoni, juu ya maandishi ya elektroniki na juu ya makosa ya mtandaoni. Iko na Kodi Penali, ambayo artikulo 98 inaadhibu utapeli, uwe kwa meza ama kwa simu. Kuna hata kitu ambacho wengi hawajui: Tether, kampuni inayotoa USDT, inaweza kufunga anwani, na imekwisha kufunga nyingi kwa ombi la polisi wa nchi mbalimbali. Lakini inataka ombi la haraka kutoka kwa mamlaka, lenye namba ya malipo na anwani ya mwizi. Kijana akifika polisi na vithibitisho hivi akaambiwa "hiyo kripto yenu hatuijui, uende", mwizi amepata siku nzima ya kuhamisha feza.

Sisi watu wa Kisangani tunajua bei ya kungojea. Vita ya siku sita ilipiga mji huu Juni 2000. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 tarehe 9 Februari 2022. Pale walioharibu walijulikana kwa jina na kwa bendera, na bado ilikula zaidi ya miaka 21. Kwa mtu mwenye picha ya uongo kwa Telegram, tutangojea miaka mingapi kama hakuna hata mahali pa kuandikisha mashtaka?

Kwa hiyo tunadai mambo manne.

Moja. Majukwaa yanayochukua feza ya Wakongo yakubali vitambulisho ambavyo Wakongo wako navyo, na yatujibu kwa lugha zetu kupitia mtu mwenye jina. Kama munajua kuchukua feza yetu, mujue pia kutujibu.

Mbili. Banki Kuu ya Kongo itangaze wazi, kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa, nani ana ruhusa ya kufanya kazi hii na nani hana. Iko na nyumba yake hapa mjini. Ipokee maswali ya vijana kwenye gishe, si kwa ripoti za Kinshasa tu.

Tatu. Kampuni za simu zifunge upesi namba inayotajwa na watu wengi kuwa ya wizi, na ARPTC iangalie kama zinafanya. Feza za wizi zinapita kwa namba zilizoandikishwa kwa jina la mtu.

Nne. Parke na polisi wa Tshopo waweke mtu mmoja, mmoja tu kwa kuanza, mwenye kufundishwa mambo haya, apokee mashtaka na ajue kuandikia kampuni kama Tether.

Kuna mwenye kusema hawatatusikia? Mukumbuke RAM. Tangu 2020 walikuwa wanakata unite ndani ya simu zetu kwa jina la ile taksi. Wananchi walikataa, waliandika, walipiga kelele nchi nzima, na 2022 ikaondolewa. Haikuondoka yenyewe.

Na sisi wenyewe tukiwa tunangojea? Tujiwekee sheria. Usitoke nje ya jukwaa. Ulipe tu kwa namba yenye jina lilelile la muuzaji. Ujaribu kwanza na feza kidogo, halafu utume nyingine. Uangalie salio, usiangalie picha. Maneno 12 ya mfuko wako, namba ya siri, kode ya mesaji: hakuna huduma ya kweli inakuomba. Na mtu akikwambia "nitakurudishia feza iliyoibiwa, lipa kidogo kwanza", ujue huyo ni mwizi wa pili. Ukiibiwa, usifute kitu: uweke mesaji zote, namba, saa, namba ya malipo. Ndiyo mashtaka yako.

Kwa wenzetu wauzaji tuna neno moja. Mwandike jina lenu la kweli, mtoe risiti hata ya mesaji, muonekane mahali pamoja kila siku kama kambisti. Mmoja wenu akiiba, wote munaitwa wezi. Munaweza kuwa wa kwanza kuonyesha mji huu vile kazi hii inafanyika kwa heshima.

Kuanzia leo tunafungua daftari la malalamiko. Hatutaandika majina ya walioibiwa mbele ya watu. Tutaandika siku, kiasi, njia iliyotumiwa, na nani alikataa kujibu. Daftari likijaa tutalipeleka Banki Kuu na parke, kwa miguu, mchana, tukiwa wengi. Kabla ya kurudi nyumbani, kila mtu aliyepoteza feza apite kwenye meza ile ya nyuma aandikishe. Msione haya. Anayepaswa kuona haya ni yule aliyeiba, na yule aliyelipwa kutulinda akanyamaza.