Bibi Bwana na Waliombeba

(Maneno tuliyoyasema katika mkutano wa vikundi)

Mliomba habari za safari, nasi tumechagua ya mwanamke mmoja aliyetoka Mombasa na msafara wake mpaka Kilimanjaro mwaka 1891. Aliitwa May French Sheldon, Mmarekani aliyekuwa akiishi London. Huku alijulikana kwa jina la Bibi Bwana. Hebu fikirini jina hilo! Watu hawakuzoea kuona mwanamke akiamrisha msafara, basi wakaunganisha maneno mawili wakampa.

Wakati ule reli ilikuwa bado. Ujenzi wake ulianza 1896. Leo unapanda matatu Mombasa asubuhi, unapitia Voi, na jioni uko Taveta. Yeye ilimbidi avuke nyika ya Taru, ambako maji ni taabu hata sasa. Wazungu wenzake walimkatisha tamaa, ati safari si kazi ya mwanamke. Akaenda Unguja, akapata wapagazi zaidi ya mia moja pamoja na barua ya Sultani ya kumfungulia njia.

Tusimame hapa kidogo. Wanaosimulia safari hii hupenda vituko vyake: gauni la kumetameta na nywele za bandia alizovaa akienda kuonana na wakubwa, pete zenye jina lake alizogawa, chombo alichozungukia Ziwa Chala. Ni kweli yote, na Chala si mchezo. Aliyefika pale anajua kingo zile zilivyo mteremko. Lakini chombo hicho kilifikaje majini? Mpagazi wa misafara ile alibeba yapata kilo 30, kichwani au begani, na juu yake mkeka wake na vyombo vyake. Alilipwa mshahara na posho, yaani chakula cha kila siku. Posho ikikosekana, msafara haufiki mbali. Na Bibi Bwana mwenyewe alikuwa na machela yake, kama kikapu kikubwa, ya kubebwa mabegani mwa watu.

Katika kitabu chake cha 1892 anaeleza bila kuficha jinsi wapagazi walivyogoma, naye akatoa bastola, akampiga risasi tai aliyekuwa angani, akawaamuru wachukue mizigo. Wakachukua. Sisi jambo hilo hatulipendi, kusema kweli. Ujasiri alikuwa nao, lakini wale watu walikuwa na shida zao, na upande wao haukuandikwa.

Wakati wa kurudi machela ikaanguka mahali pa kuvukia, akaumia mgongo. Tangu hapo akawa yeye ndiye mzigo. Walewale aliowaelekezea bastola wangeweza kumwacha porini wakaenda zao. Hawakumwacha, wakamfikisha pwani akiwa hai.

Uingereza alipokewa kwa heshima. Mwaka 1892 Royal Geographical Society ilimwingiza miongoni mwa wanachama wake wa kwanza wanawake. Mwaka uliofuata wanaume wa chama wakageuka, wakafunga mlango kwa wanawake wengine mpaka 1913. Mnaona, hata vyama vya wasomi vina mambo yake.

Safari yake ya Kongo ndiyo inayotusumbua. Alikwenda huko 1903, wakati Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliikalia nchi ile kama shamba lake. Watu walilazimishwa kuleta mpira wa msituni, na wengine walikatwa mikono. Mwaka huohuo Roger Casement, konseli wa Uingereza, alipita vijijini akiwauliza wenyeji na kuandika waliyomwambia. Bibi Bwana alitembea chini ya ulinzi wa watawala, akarudi akiwatetea. Macho ni yaleyale yaliyoiona Taru, ila safari hii walimwongoza wengine. Sisi tunaopokea wageni wa kutazama miradi tunalijua jambo hili. Mgeni akipitishwa palipofagiwa tu, atakwenda kuandika habari za ufagio.

Alifariki 1936. Kama kijijini kwenu yuko mzee aliyesikia habari za misafara kutoka kwa babu yake, mkalieni, mmwulize nani alibeba nini, walilala wapi, maji walichota wapi. Kijana anayejua kuandika aandike, na mtuletee.