Siku ya Kurudisha: Kuchagua Chombo cha Kuhifadhi Mipangilio ya Mtandao

Ndugu Mwenyekiti, Walimu wetu wapendwa, na ndugu zangu tuliosoma pamoja:

Kwa kuwa wengi wenu sasa mnaongoza shule, hospitali na ofisi zinazotegemea mtandao wa kompyuta, nimeona heri nizungumzie jambo moja tu katika kazi yangu serikalini: namna ya kuchagua chombo cha kuhifadhi mipangilio ya mitambo ya mtandao.

Ruta au swichi hutoka dukani haijui lolote juu ya ofisi yako. Fundi ndiye huifundisha, mstari kwa mstari: nani aruhusiwe kupita, idara ya fedha itengwe vipi na wageni, njia ipi itumike ile ya kwanza ikikatika. Maelekezo hayo ndiyo mipangilio. Radi ikipiga, ruta nyingine hununuliwa. Mipangilio yako haiuzwi dukani. Ofisi moja niliyopata kuihudumia ilikaa siku tatu bila kazi. Ruta ya akiba ilikuwapo stoo, lakini fundi aliyeipanga ile iliyoungua alikwisha hamishwa, na mipangilio aliondoka nayo kichwani. Wananchi waliokuja na shida zao walirudi nazo.

Kunakili kwa mkono hakutoshi, kwa maana binadamu husahau. Tena mitambo mingi, kama ile ya Cisco, ina mipangilio ya namna mbili: inayotumika sasa, na ile itakayosomwa mtambo ukiwashwa upya. Fundi akibadili ya kwanza asiihifadhi katika ya pili, umeme ukikatika kazi yake hupotea.

Ndiyo maana kuna programu za kufanya kazi hiyo zenyewe. RANCID ni kongwe. Huingia katika kila mtambo kwa saa iliyopangwa, huchukua mipangilio, huilinganisha na ya awali, na kumpelekea msimamizi barua pepe yenye mistari iliyobadilika. Oxidized ilikuja baadaye ili kushika nafasi hiyo. Isipoagizwa vingine, hukagua kila baada ya saa 1, na huweza kuweka nakala katika Git, programu iliyoanza mwaka 2005, ambayo hutunza historia ya kila badiliko kama lile daftari la stoo tulilolijua hapa shuleni. Hizo mbili ni za bure. Zipo pia za kununua, zenye sura nzuri kwenye kioo na fundi wa kupigiwa simu.

Sasa tuchague ipi? Kwanza, bila shaka, iwe inaifahamu mitambo mliyo nayo. Lakini swali kubwa ni hili: siku ya maafa, nani ataurudisha mtambo, na kwa kutumia nini?

Kwa hiyo, nakala iwe maandishi ya kawaida, yanayosomeka hata programu yenyewe ikiwa imekufa.

Halafu kuna maneno ya siri. RANCID na Oxidized huweza kuyaondoa katika nakala. Yakiondolewa, mwizi wa nakala hapati kitu kikubwa, lakini nakala hiyo peke yake haitaurudisha mtambo mzima. Basi maneno hayo yatunzwe pengine, penye kufuli. Yakiachwa, ilindeni seva ile kama kasha la fedha.

Vilevile, programu iingie mitamboni kwa njia ya SSH, si Telnet inayopitisha neno la siri waziwazi. Tena ipewe ruhusa ya kusoma tu. Na nakala moja ikae jengo jingine, maana moto hauchagui chumba.

Mwisho, ndugu zangu, kabla hamjatia sahihi hati ya manunuzi, chukueni mtambo wa akiba. Mpeni fundi kijana ambaye hakuupanga ule wa kwanza, naye aujenge kwa nakala iliyotunzwa na programu hiyo, bila kumpigia mtu simu. Akiweza, hicho ndicho chombo chenu, hata kikiwa cha bure. Akishindwa, msikinunue hata kikipunguzwa bei. Na jaribio hilo lirudiwe kila mwaka, kwa sababu mafundi huhamishwa na mitambo hubadilika.