Meno ya Kahawia: Nyumbani au kwa Daktari?

Msikilizaji, kama umekulia Arusha au Meru, huenda meno yako yana rangi ya kahawia. Huo si uchafu. Ni floridi nyingi ya maji uliyokunywa utotoni, meno yakiwa bado yanajengeka ndani ya fizi, na doa limo katika jino lenyewe. Tafadhali, usiyasugue kwa mkaa, majivu wala limau! Asidi ya limau hula tabaka gumu la nje, na likiisha halioti tena. Madoa ya chai au tumbaku ni mengine: daktari akishakagua matundu na fizi, anaweza kukupa jeli ya kung'arisha meno, ya kutumia nyumbani. Ila jeli hiyo haibadilishi rangi ya jino bandia. Wewe mwenye madoa ya floridi, pitia kwanza kliniki ya meno, kabla hujanunua chochote dukani.