Nafaka ya Kuku na Chungu cha Watoto
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Lulindi)

Jambo tulilolichagua ni dogo machoni, lakini lagusa ghala ya kila mmoja wetu: kuku atagaye ale nafaka gani, na kwa kiasi gani, pasipo kuwapunguzia watoto ugali wao?

Sisi makarani twapenda kumwaga mahindi uani kila asubuhi, tukidhani kuku akishiba atataga. Ndivyo tulivyofanya sisi wenyewe, tukapata kuku wanene na mayai machache. Kosa lilikuwa letu, na sababu yake ni hii.

Kuku hula hasa ili apate nguvu, nayo hupimwa kwa kilokalori. Kuku wa kizungu atagaye karibu kila siku huhitaji yapata 300 kwa siku. Wa kienyeji, kwa kuwa ni mdogo na hutaga mara chache, huhitaji pungufu. Kilo moja ya mahindi humpa kuku yapata 3,300, na mtama mweupe haupungui sana hapo. Basi gramu 90 za mahindi zamtosha yule wa kizungu kwa nguvu. Lakini protini iliyomo, yaani kile kijengacho mwili na yai, ni kama gramu 8 tu, naye ataka yapata 16. Ameshiba, wala hana cha kutengenezea yai. Hata akizidi kula, nguvu iliyozidi hugeuka mafuta.

Kubadili mahindi kwa mtama hakuondoi upungufu huo. Tena mtama mwekundu ulio mchungu una tanini, izuiayo chakula kisisagike vema tumboni. Muhogo nao una nguvu nyingi, lakini protini yake ni haba kuliko ya nafaka.

Yafaa nini, basi? Kuku wetu wajitafutao wapewe konzi moja ya mtama jioni, wala si debe. Nguvu nyingine wataiokota shambani. Tuwaongezee mchwa, mashudu ya karanga yasiyo na ukungu, na kunde au mbaazi zilizopikwa. Maganda ya mayai yachomwe, yasagwe, wapewe kwa ajili ya gamba. Na maji yasikosekane, kwani kuku hunywa yapata mara mbili ya uzito wa chakula chake. Ndugu zetu wa Newala, walio juu uwandani ambako maji ni taabu, walikumbuke hilo.

Miezi ya njaa, kabla ya mavuno, ndipo mke hupima mahindi kwa kibaba huku watoto wakimtazama. Wakati huo mahindi ni ya chungu. Kuku alishwaye kwa akili hashindani na mtoto, bali humletea yai.

Tumesema yetu, mwenye la kutusahihisha na asimame.