Robo ya Tano ya Ng'ombe: Matembezi ya Chakula na Divai katika Mtaa wa Testaccio, Roma

(Maneno yaliyosemwa baada ya chakula cha usiku cha wanafunzi wa zamani)



Katibu aliponiandikia kuniomba niseme machache usiku huu alinipa sharti moja tu, kwamba nisizungumzie kilimo. Anaujua udhaifu wangu. Basi nitazungumzia chakula, na kwa kuwa mmekwisha kula, hapana atakayenilaumu kwamba nimemtia njaa. Katika kamati yetu kumekuwa na fikira ya kuwatembeza wageni katika mji huu siku za mkutano kama huu, ili mfuko wa shule upate chochote. Mimi nimewahi kuwa mgeni wa kutembezwa, tena nikalipa fedha yangu mwenyewe, na nadhani niliyoyaona yanaweza kutufaa.

Mwaka 2018 nilikuwa Roma kwa mkutano wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO. Makao yake ni jengo kubwa jeupe ambalo lilianzwa kujengwa liwe wizara ya makoloni ya Italia katika Afrika. Mbele yake ndipo lilipokuwa limesimama lile jiwe refu la Aksum lililochukuliwa Ethiopia mwaka 1937, hata likang'olewa mwaka 2003 na kurudishwa kwao. Mkutano ulipokwisha tulibaki na Jumamosi moja tupu. Nilikuwa na mwenzetu mmoja wa bweni letu, ambaye jina lake silitaji kwa sababu yumo humu ukumbini na ana mdomo mkali kuliko wangu. Tukajiandikisha katika matembezi ya kuonja chakula na divai katika mtaa wa Testaccio, ulio mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka pale.

Watu waendao Roma huonyeshwa Colosseum na Vatikano. Testaccio si mtaa wa namna hiyo. Ulijengwa mwishoni mwa karne ya 19, baada ya Roma kufanywa mji mkuu wa Italia mwaka 1871, uwe mtaa wa wafanyakazi: nyumba za ghorofa zenye ua katikati, barabara zilizonyooka, na kazi karibu na mlango. Kazi yenyewe ilikuwa machinjio.

Tulikutana saa nne asubuhi chini ya Piramidi ya Cestius. Naam, Roma wanayo piramidi, kaburi la tajiri mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, wakati mambo ya Misri yalipokuwa fasheni. Tulikuwa watu kumi. Kiongozi wetu alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa mtaa ule ule, na kabla ya lolote alituuliza mmoja mmoja: nani hali nguruwe, nani hanywi kileo, nani ana mwiko gani. Mwenzangu, ambaye ni Mwislamu, alikuwa amejiandaa kushinda na njaa siku ile. Yule mama akaandika katika kijitabu chake, na tangu hapo kila tuliposimama palikuwa na kitu kilichomngojea.

Katika duka la mikate tulikula pizza ambayo haina hata nyanya, mkate bapa tu wenye mafuta ya zeituni na chumvi, unaokatwa na kupimwa kwenye mizani, nawe unalipa kwa uzito. Kisha tukaingia sokoni. Soko lile lilihamishwa mwaka 2012 kutoka kwenye uwanja wa katikati ya mtaa na kupelekwa karibu na machinjio ya zamani. Hapo tulionja jibini ngumu ya maziwa ya kondoo, pecorino, ambayo ina chumvi ya kutosha kumfanya mtu aone haya kuomba ya pili, na carciofi, mboga iliyo kama ua la mbigili, iliyopikwa polepole kwa mafuta na mnanaa. Wengine walionja nyama ya shavu la nguruwe iliyokaushwa, ambayo Warumi huikaanga na kuitia katika tambi zao karibu zote mashuhuri.

Nilimwangalia yule mama jinsi alivyofanya kazi yake. Kwanza, hakueleza kitu mpaka tumekwisha kukionja. Pili, penye foleni ya wenyeji alitusimamisha pembeni hata wale kina mama wenye vikapu wakahudumiwa kwanza. Nilipomwuliza sababu alisema kwamba kama wenye vikapu wakichoka kuja, hatakuwa na soko la kutuonyesha. Neno hili naomba kamati iliandike.

Kutoka sokoni tukafika penye kilima. Mtaa umepata jina lake kutokana na kilima hicho, Monte Testaccio, yaani mlima wa vigae. Kina urefu wa mita 35 hivi, na kukizunguka ni karibu kilomita moja. Kwa mbali utadhani ni kilima kama vilima vingine, kina majani na miti, lakini ndani yake hakina udongo wala mwamba. Ni vigae vitupu vya mitungi ya mafuta ya zeituni. Meli zilileta mafuta kutoka Hispania na kutoka Afrika ya Kaskazini, nchi ambazo leo ni Libya na Tunisia, yakashushwa bandarini mtoni. Mtungi mmoja wa Hispania ulibeba lita 70 hivi, na ukiwa mtupu ulikuwa na kilo 30. Udongo wake ukishanywa mafuta huchacha, wala haufai tena kutiwa kitu. Kwa hiyo wakaivunja, wakaipanga vizuri ngazi kwa ngazi, na kuinyunyizia chokaa ili kuua harufu. Waliendelea hivyo mpaka karne ya tatu baada ya Kristo. Hesabu inayotajwa sana ni mitungi milioni 53. Mwaka 1872 mtaalamu Mjerumani, Heinrich Dressel, alianza kuvisoma vigae vile, maana juu ya mitungi makarani walikuwa wameandika kwa wino uzito, jina la mfanyabiashara na mwaka. Ndugu Mwenyekiti, jalala lile ni daftari la forodha.

Na divai je? Nilikuwa nakuja huko. Karne nyingi baadaye Warumi waligundua kwamba hewa hupenya kati ya vigae, na ukichimba chumba chini ya kilima hukaa baridi mwaka mzima. Wakachimba maghala ya divai iliyoteremshwa kwa mikokoteni kutoka vilima vya Castelli, kusini ya mji. Mwezi wa Oktoba, zabibu zikishavunwa, watu wa mjini walikuja hapa kula, kunywa na kucheza. Maghala mengi sasa ni vilabu na mikahawa. Tulikaa katika kimoja ambacho ukuta wa nyuma ni kioo, nyuma ya kioo vigae vimejipanga kama sahani kabatini, tukapewa divai nyeupe ya Frascati. Ni nyepesi, haina makuu, na mtu aliyezoea divai ya Dodoma ataiona kama maji mpaka atakapojaribu kusimama. Mwenzangu alipewa maji ya zabibu.

Mkabala na kilima ndipo yalipo machinjio. Yalijengwa kati ya mwaka 1888 na 1891 na msanifu Gioacchino Ersoch, na katika siku zake yalihesabiwa miongoni mwa machinjio bora ya Ulaya. Juu ya lango kuna sanamu ya malaika mwenye mabawa akimwangusha fahali. Yalifungwa mwaka 1975. Leo mabanda yake ni kumbi za maonyesho ya sanaa na madarasa ya chuo kikuu ya usanifu wa majengo, lakini vyuma vya kutundikia nyama na reli zake za juu vimeachwa mahali pake.

Hapo ndipo tulipoelezwa habari ya robo ya tano. Ng'ombe aliyechinjwa hugawanywa robo nne. Husemwa kwamba robo ya kwanza ilikuwa ya makabaila, ya pili ya makasisi, ya tatu ya matajiri wa mjini na ya nne ya askari. Inayobaki ni ile isiyo na hesabu: kichwa, ulimi, matumbo, mapafu, moyo, bandama, mkia, miguu. Wachunaji walilipwa sehemu ya ujira wao kwa robo hiyo. Walikwenda nayo nyumbani au kwenye mikahawa ya jirani, na wake zao na wapishi wakatafuta namna ya kuifanya iliwe. Mapishi hayo ndiyo leo yanayoitwa chakula cha asili cha Roma, na watu hupanda ndege kwenda kuyala.

Nje ya lango, kwenye benchi, alikuwako mzee ambaye kiongozi wetu alimsalimu kama babaye. Alikuwa mchunaji pale mpaka siku ya kufungwa. Akaombwa atuonyeshe. Hakuwa na kisu, alikuwa na fimbo tu. Akaishika fimbo kama kisu kwa mkono wa kulia, akakunja ngumi ya kushoto, akawa anasukuma hewa kwa ngumi, kwa maana ngozi ikishafunguliwa hukuikata tena, unaisukuma kwa ngumi itengane na nyama isitoboke. Wenzetu walipiga picha. Mimi nilisimama.

Ndugu zangu, nimekaa nanyi miaka mingi na jambo hili hamlijui. Baba yangu alikuwa mchunaji katika machinjio ya mji huu huu. Kila Jumamosi alirudi na matumbo ndani ya gunia lililowekwa nyuma ya baiskeli, na hayo yalikuwa sehemu ya malipo yake. Siku nilipojaza fomu ya kuingia shule hii, penye "Kazi ya Mzazi" niliandika "Karani". Baba, ambaye kusoma kwake kulikuwa kwa shida, aliniuliza nimeandika nini. Nikamwambia, mfanyakazi wa Halmashauri. Akasema vema, akatia sahihi. Ndiyo sababu likizo sikumkaribisha hata mmoja wenu nyumbani, mkadhani nina maringo.

Nilimwendea yule mzee, nikakunja ngumi yangu nikamwonyesha ile namna ya kuzungusha kifundo unapofika begani, kama nilivyomwona baba akifanya. Hatukuwa na lugha. Aliushika mkono wangu akaurekebisha kidogo, kidole gumba ndani.

Chakula cha mchana kilikuwa mkia wa ng'ombe uliopikwa saa nyingi kwa nyanya na mboga yenye mashina marefu yenye harufu, hata nyama ikaachana na mfupa yenyewe. Wengine huutia kakao kidogo. Waliotaka walipewa tambi zenye pajata, utumbo wa ndama anyonyaye, unaopikwa na maziwa yake ndani. Ulikuwa umekatazwa tangu 2001 kwa ajili ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, ukaruhusiwa tena mwaka 2015. Niliula. Mwenzangu alikula samaki huku akinitazama kwa huzuni. Meza ya pili walikaa wenyeji wanne, na nilipoiona bei nilifahamu kwa nini walikuwa wanne tu. Mama wa kutuongoza hakutuficha: nyumba zilizojengwa kwa wachunaji sasa watoto wao hawazimudu kwa urahisi. Sina jawabu la hilo, wala yeye hakuwa nalo.

Lakini alikuwa amesimama mbele ya lango lile, amelipwa kwa kutaja kazi ya wazee wake kwa jina lake. Mimi niliandika "Karani".

Basi, kwa ruhusa ya Mwenyekiti, kesho tutayajaribu matembezi yetu ya kwanza. Tutakutana saa moja asubuhi kwenye lango la machinjio ya zamani, chini ya mwembe. Tutapita sokoni, tutamalizia kwa mama anayeuza supu karibu na stendi. Watu wasizidi kumi na wawili, na wenye vikapu wahudumiwe kwanza. Wasiokula matumbo wamwambie Katibu usiku huu, ili mama aweke chapati na maharage.